Nani Atamlea Mzazi

Sakina, Arusha
28 Oktoba 1995

Kwako mwanangu Namelok,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Washington, na huyo uliyembeba anaendeleaje? Hapa Sakina tuko wazima, ila goti langu la kushoto linalalamika tangu vuli ianze, na baba yenu mdogo Romanus amerudi na malaria kutoka Himo. Sasa anakunywa uji na kulaumu kila mtu, kwa hiyo amepona. Kesho tunapiga kura ya vyama vingi. Mafundi wa gereji ya Ephraimu hapa jirani wamepita dukani na bendera za kila rangi, nami nimewauzia soda wote bila ubaguzi.

Habari kubwa ni kwamba pasipoti imetoka. Picha nimekunja uso, lakini jina wameliandika sawasawa. Ubalozini Dar wamenipangia tarehe 19 Desemba kwenda kuomba viza. Daktari wako amesema mwanzoni mwa Januari, basi nitakuwa nimefika kabla uchungu haujaanza.

Najua kwenu Oldonyosambu mna taratibu zenu na siziingilii. Lakini umeolewa Uchagani, na kwetu mzazi ana miezi mitatu. Miezi mitatu hapiki, hachoti maji, haendi sokoni. Anakula, ananyonyesha, analala. Anayemlea ni mama mkwe. Mimi nililelewa na mama wa marehemu mume wangu, mwanamke mkali asiyecheka, na hakuna mtu aliyewahi kunilisha kama yule. Duka nitalifunga miezi yote mitatu. Wateja wasiponisamehe wataniambia nikirudi.

Ludovick alipokuoa kuna watu walinishangaa, eti kawapita mabinti wote wa Kibosho akaenda kuchukua Mwarusha wa Kilutheri. Walitegemea nikukatae. Nataka waone ni nani nimepanda ndege kwenda kumlea.

Msalimie Ludovick. Mwambie kama alipata bahati nasibu ya viza iliyompeleka huko, basi apate na akili ya kuandika barua.

Mama yako,
Agnela

*

Washington
22 Novemba 1995

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo. Miguu yangu imevimba, viatu vinavyoniingia sasa ni vya Ludo tu. Pole na goti, na umpe pole baba mdogo.

Barua yako nilimsomea Ludo huku anavaa koti la kazini, akacheka mpaka akachelewa basi. Nashukuru sana, Mama. Ila kuna jambo ambalo lazima nikueleze, na naomba ulisome polepole kwa sababu hata sisi lilituchukua muda kulielewa.

Wiki iliyopita serikali ya hapa ilifungwa. Si mapinduzi, na hakuna mtu aliyepigwa. Rais na wabunge hawakuelewana kuhusu bajeti, na kwa sheria zao bajeti isipopitishwa ofisi haziruhusiwi kutumia pesa. Basi zinafungwa na wafanyakazi wanarudishwa nyumbani. Ludo, unajua, anafanya usafi katika jumba la makumbusho la serikali. Jumanne alikuta karatasi mlangoni, akarudi chakula chake cha mchana kikiwa bado cha moto. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, Bwana Reginald, yeye ni mwajiriwa wa ofisi ya pasipoti. Naye alirudishwa. Waliobaki kazini ni polisi, wanajeshi, waongozaji wa ndege na watu wa namna hiyo, na hao wanafanya kazi bila kujua mshahara utatoka lini. Posta haikuguswa, ndiyo maana barua zetu zinapita.

Jumatatu hii wamefungua. Lakini wamekubaliana kwa muda tu, mpaka tarehe 15 Desemba. Bwana Reginald anasema wasipoelewana itafungwa tena, na dirisha la viza katika balozi zao nalo litasimama. Yako ni tarehe 19. Kwa hiyo tunakuomba uulize kama kuna tarehe ya mapema. Kama hakuna, usijisumbue na safari ya Dar mpaka tukuandikie mwezi wa kwanza. Usiwe na wasiwasi juu yangu, nitajitahidi mwenyewe.

Ludo anakusalimu na anasema ataandika.

Mwanao,
Namelok

*

Sakina
6 Desemba 1995

Kwako Namelok,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Nimesoma barua yako, kisha nikampa Romanus. Unajua Romanus alitumikia shirika la umma mpaka lilipouzwa na wao wakapunguzwa, kwa hiyo mtu wa kunieleza habari za serikali kuishiwa ni yeye. Anasema serikali inaishiwa, ndiyo. Inapunguza watu, inauza mashirika, inatutoza pesa hospitali tulikokuwa tunatibiwa bure. Lakini haifungwi. Hata wakati wa vita na Amin, ofisi ya mkuu wa wilaya ilikuwa wazi, na sisi ni maskini. Sasa Amerika inayotukopesha ndiyo ifunge mlango na kubandika karatasi? Tena inajua kabisa tarehe itakayofungwa mara ya pili, na tarehe yenyewe inaangukia wiki yangu?

Mimi duka langu nalifunga nikienda misani au msibani. Hiyo serikali inakwenda msiba gani?

Nitasema ninachofikiri, maana kukaa nacho kutaniumiza. Umeandika, nitajitahidi mwenyewe. Kwetu mke anayesema hivyo anamwambia mama mkwe abaki kwake. Kama unamtaka mama yako mzazi, sema. Yeye ni mtu mzima mwenzangu, sitagombana naye. Lakini usinifungie serikali nzima.

Kuomba tarehe nyingine sitaomba. Tarehe 18 napanda basi.

Mama Ludovick

*

Washington
18 Desemba 1995

Mama,

Shikamoo. Naomba afya yako iwe njema, na safari iwe imekuwa salama, kwa sababu leo ndiyo uko njiani na sina namna ya kukuzuia. Tangu juzi Ludo anapiga simu gereji kwa Ephraimu, inaita bila kupokelewa. Serikali imefungwa tena Jumamosi. Barua hii itakukuta umeshakwenda na kurudi.

Barua yako ilinifikia juzi. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikaosha vyombo. Mama yangu mzazi hana pasipoti, hajawahi kufika hata Moshi. Sikumwita. Niliandika nitajitahidi mwenyewe kwa sababu kwetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba amelemewa, anasema yuko sawa. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Sasa nakuambia kweli: sikujua nitajitahidi vipi. Wanawake wa jengo hili ni wema lakini wote wanatoka alfajiri kwenda kazini, na wakijifungua wanarudi kazini wakiwa bado wanatembea taratibu. Hakuna wa kukaa na mimi. Ninaogopa, na niliyekuwa namsubiri ni wewe.

Ludo yuko nyumbani tangu Jumamosi. Anaangalia wabunge kwenye televisheni na kubishana nao. Bwana Reginald ameshuka kutusalimu akasema tusikate tamaa, ila yeye mwenyewe amerudisha zawadi za Krismasi za watoto wake dukani.

Mwanao,
Namelok

*

Sakina
23 Desemba 1995

Kwako mwanangu Namelok,

Tumsifu Yesu Kristo. Unaendeleaje, na miguu? Mimi nimerudi juzi, goti limevimba kwa basi lakini moyo ndio unaouma zaidi. Nisamehe. Nilikuita mwongo, na wewe ulikuwa umeniambia kweli tupu.

Nilifika ubalozini asubuhi, nimevaa ile suti ya kitenge. Nje kulikuwa na watu wengi wamesimama hawaendi mbele wala nyuma. Mlinzi akaniambia kwa adabu, "Mama, viza hakuna. Serikali yao imefungwa." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, "Na wewe mbona uko wazi?" Akasema, "Mimi nipo, mama. Mshahara ndio sijui." Pembeni yangu alikuwa baba mmoja wa Iringa, mwanawe amepata nafasi ya chuo huko na masomo yanaanza Januari. Wamefikia Dar kwa ndugu zao, jana yake walikuja kusoma ile karatasi ya mlangoni na siku hiyo wamerudi kuisoma tena kama vile itabadilika. Nami nikaisoma. Kisha nikarudi stendi ya mabasi.

Romanus nimemwambia. Amesema basi heri wao, maana wakifungwa wanafunguliwa.

Sasa nilipokuwa kwenye basi, tumeshapita Segera, nikawaza hivi: kama serikali imefungwa kweli, basi Ludovick yuko nyumbani amekaa. Kwetu mwanamume haingii kwa mzazi. Baba yake Ludovick alimwona mwanawe akiwa amesimama kizingitini, akaambiwa inatosha. Mwanamume kupika mtori wa mzazi sijawahi kusikia, na ningesikia ningecheka. Lakini mimi siwezi kufika, na yeye ana mikono miwili.

Ludovick, najua unasoma hii juu ya bega la mkeo, kwa hiyo chukua karatasi. Tafuta ndizi mbichi, ngumu, usiniletee za manjano. Zimenye, zikwangue vile vinyuzi, ziweke kwenye maji zisiwe nyeusi. Nyama na mfupa wake vichemke kwanza mpaka nyama iachie, ndipo utie ndizi. Zikiiva toa mifupa, ponda, kisha legeza kwa supu mpaka iwe ya kunywa. Pilipili hapana, hata kama wewe unaipenda. Bakuli la kwanza apate asubuhi kabla hajaongea na mtu yeyote. Katikati apate uji wa maziwa, na mchana mtori tena. Tumbo alifunge kanga. Asiiname, asifue, asikae na wageni wa kuchungulia mtoto. Mtoto akilia wewe ndiye wa kuamka umlete kwenye titi, mama asishuke kitandani. Akisema ameshiba usimbembeleze wala usigombe. Kaa hapo hapo mpaka bakuli liwe tupu. Bibi yako alinikalia hivyo.

Na usiwaambie watu wa Kibosho kwamba ni mimi nimekuagiza. Nitawaambia mwenyewe nikipata maneno.

Krismasi njema, wanangu.

Mama yako,
Agnela

*

Washington
15 Januari 1996

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Goti linaendeleaje? Sisi ni watatu sasa. Mjukuu wako alizaliwa tarehe 2, msichana, salama, na hospitali ilikuwa wazi kwa sababu si ya serikali. Tumempa jina lako kama inavyotakiwa. Ludo ameanza kumwita Mama na mtoto anamkazia macho.

Barua yako ilifika Jumamosi ya tarehe 6. Ludo aliisoma amesimama, akavaa koti akatoka. Siku hiyo ilitangazwa kwamba theluji kubwa inakuja, watu wote wa mtaani walikuwa dukani wanagombania mikate na maziwa. Yeye akarudi na ndizi mbichi kutoka duka la Wasalvador, watu wa Amerika ya Kati, na mfupa wa ng'ombe mkubwa ambao hakuna aliyegombea. Mwiko hatuna, alipondea kitako cha chupa. Mtori wa kwanza ulikuwa na mabonge. Wa pili ulikuwa mtori. Niliposema nimeshiba alivuta kiti akakaa akiniangalia, nikamwona wewe kabisa ingawa sijawahi kukaa nawe jikoni hata siku moja. Nikamaliza bakuli.

Serikali ilifunguliwa hiyo hiyo Jumamosi, halafu theluji ikaifunga tena siku chache. Theluji ilitufika dirishani, Mama. Nakiri kwamba nilikuwa naiombea iendelee. Nilikuwa nalala, nakula, nanyonyesha, na mume wangu anafua nguo za mtoto huku anaimba nyimbo za kwaya yenu.

Alhamisi iliyopita Ludo ameitwa kazini. Bwana Reginald na wenzake watalipwa mshahara wote wa wakati waliokaa nyumbani, imeshapitishwa. Ludo hatalipwa, kwa sababu yeye ni mtu wa kampuni inayofanya usafi, si mtu wa serikali. Aliomba abaki na mimi kidogo. Msimamizi akamwambia wapo wengi wanaoitaka nafasi hiyo. Aliondoka na aibu, akasema hajawahi kusikia mama mkwe aliyemwacha mzazi wiki ya pili.

Sasa anapika mtori kabla hajatoka na kuuacha kwenye jiko. Naupasha mwenyewe. Kutwa nipo na mtoto peke yetu mpaka giza liingie, na hapa giza linaingia mapema. Bwana Reginald anasema dirisha la viza limefunguliwa duniani kote. Miezi mitatu haijaisha, Mama. Safari hii sisemi nitajitahidi. Nakuomba uje.

Mwanao,
Namelok

*

Washington
20 Machi 1996

Mama,

Shikamoo. U mzima? Sisi wazima, mtoto ameanza kucheka, anacheka na taa.

Tangu Januari sijapata barua yako. Jumapili Ludo alipata simu ya gereji, Ephraimu akasema huumwi, na duka liko wazi kila siku. Tumekaa tukaangaliana. Kama nimekosea naomba niambiwe.

Mwanao,
Namelok

*

Sakina
10 Aprili 1996

Kwako mwanangu Namelok,

Tumsifu Yesu Kristo, amefufuka. Habari zenu, na habari ya mwenzangu Agnela? Mimi mzima wa mwili. Hukukosea chochote. Nilinyamaza kwa sababu nilishindwa kuandika neno moja, na neno lenyewe ni kwamba nimenyimwa.

Nilipata nafasi mwisho wa Februari. Waliokuwa wamekwama tangu Desemba walikuwa wengi, foleni ilitoka nje mpaka barabarani. Romanus alikuwa amenifundisha: useme unakwenda kutembea, wiki mbili, unarudi dukani kwako. Nikafika dirishani kwa dada mmoja mwenye Kiswahili kizuri na macho ya mtu aliyechoka. Akaniuliza nakaa muda gani. Nikasema miezi mitatu. Akauliza duka atabaki nalo nani. Nikasema nalifunga. Akauliza mtoto amezaliwa lini. Nikasema Januari. Akasema kwa upole, "Basi mama yake ameshapona." Nikamwambia hajapona, ndio kwanza mwezi wa pili. Akaandika, akanirudishia pasipoti, akasema mtu anayefunga biashara yake miezi mitatu haonekani kama ana kinachomrudisha. Desemba ningefika dirishani mtoto bado hajazaliwa na nina barua ya daktari wako mkononi. Labda ingesaidia, labda isingesaidia. Desemba hapakuwa na wa kumuuliza.

Romanus amenigombeza sana. Ningesema wiki mbili, anasema, ningekuwa huko. Lakini mzazi halelewi wiki mbili. Ningesemaje?

Nikafungua duka. Kila mteja akiniuliza unasafiri lini, nampa chenji.

Sasa nikueleze la juzi. Kwetu miezi mitatu ikiisha mzazi anatolewa nje. Anavaa nguo mpya, mama mkwe anatangulia, anapitishwa sokoni watu wamwone alivyonawiri, kisha ni kula. Yako imeisha tarehe 2. Sikuweza kukutoa, na kukaa kimya nikaona ni dhambi. Jumatatu ya Pasaka nikabeba ndizi, nyama na sufuria yangu, nikaenda Oldonyosambu kwa mama yako. Nilikuwa sijafika huko tangu siku ya mahari. Yule kaka yako Simel ndiye aliyenipokea barabarani, akadhani kuna msiba.

Mama yako na mimi, Kiswahili chake ni kidogo na Kimaa changu ni hakuna. Nikamwambia nimekuja kupika. Akaniwashia moto. Akakaa karibu akiangalia ninavyoponda ndizi kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Mtori alikuwa hajawahi kula. Alionja, akanywa bakuli lote, akaenda akaleta maziwa ya kibuyu nami nikanywa, ingawa tumbo langu halikuzoea. Majirani wakaja, wanawake watupu. Simel aliwaambia kwa Kimaa ni sherehe ya nani. Nikawaeleza, yeye akitafsiri, kwamba aliyekulisha ni mume wako mwenyewe, kwa mikono yake, nikisubiri wacheke. Wakacheka. Mama yako hakucheka. Aliniuliza, "Alipika vizuri?" Nikasema wa pili ulikuwa mzuri. Akasema, "Ni kijana mwema."

Tukala wote tukashiba. Tulipomaliza ikawa ile saa ya kumpokezana mtoto, kila mwanamke ambebe kidogo, amtemee baraka. Wanawake wakajifuta mikono kwenye kanga, kisha wakakaa na mikono mitupu mapajani. Niliitoa ile picha ya mtoto mliyotuma na barua ya Januari. Ni blanketi tupu na pua. Ikazunguka kwa wote ikarudi kwa mama yako, akaishika muda mrefu. Akaniuliza, "Mzito?"

Nikamwambia sijui.

Akasema na yeye hajui. Akanishika mkono, na wakati wa kuondoka akanisindikiza hivyo hivyo ameushika mpaka barabara ya lami.

Mpime mtoto, utuandikie. Andika barua mbili, moja yangu, moja ya mama yako. Simel atamsomea.

Mama yako,
Agnela